Kuongeza RAM na kubadilisha diski kwenye iMac ya inchi 27 ya mwaka 2017

Ndugu, umeuliza kama iMac yako ya inchi 27 ya mwaka 2017, yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 na Fusion Drive (diski ya kuzunguka iliyounganishwa na SSD ndogo) ya TB 1, inaweza kuongezewa uwezo au uiuze tu. Ushauri wangu ni usiiuze.

Anza na RAM, maana hapo huhitaji fundi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha ilaze kifudifudi juu ya taulo laini. Juu kidogo ya tundu la waya utaona kitufe ambacho ukikibonyeza kwa nguvu, kifuniko kinafunguka na kukuonyesha nafasi nne za RAM. Kwa kawaida mbili huwa tupu, kwa hiyo ukiweka vipande viwili vya GB 8, aina ya DDR4 ya 2400 MHz yenye umbo dogo la kompyuta mpakato (SO-DIMM), utafikisha GB 24 bila kutupa vya zamani.

Diski ni jambo jingine kabisa. Kioo kimebandikwa kwa gundi kuzunguka kingo zote, na kukibandua bila kukipasua kunahitaji mkono uliozoea, mimi nisingethubutu. Nunua SSD ya nje (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka), iunganishe kwenye tundu la Thunderbolt 3 (tundu la kasi lililo nyuma ya mashine), usakinishe macOS, yaani mfumo endeshi wa Mac, humo na kuiwasha mashine kutoka hapo. Utofauti wa kasi utauona mara moja. Kadi ya picha usiifikirie, kwani imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi kuu.