Ngoma Haichezwi kwa Kipimo Kimoja

Masika yakishaisha, viwanja vya Arusha na Moshi huanza kujaa turubai, na barua za wasomaji hutujaa mezani. Mwezi huu tumechagua zinazohusu matamasha ya familia ya sanaa na utamaduni, yale ya mchana, ya nje, ambapo watu wa makabila na mataifa tofauti hucheza mbele ya watoto na bibi zao.

Swali: Ndugu wahariri, sisi ni kamati ya wazazi. Julai tunaandaa tamasha la familia bustanini. Tumepata vikundi sita: waimbaji wa Kigogo, bugobogobo ya Wasukuma, vijana wa Kimasai, wapiga ngoma kutoka Burundi, akina mama wa Kihindi wanaocheza dandia, na vijana wa sarakasi. Fundi mitambo anataka wote wapande jukwaa moja, maiki zilezile, dakika kumi kumi. Mwaka jana tulifanya hivyo, ngoma zikatoka kama debe na waimbaji hawakusikika. Tumekosea wapi?
*Kamati ya wazazi, Njiro, Arusha*

Jibu: Mmekosea hapo penye "wote". Kila kundi katika hayo sita lina mahali pake pa kuchezea na sauti yake, na kazi ya mwandaaji ni kuuliza kabla ya kupanga. Mpigieni simu kiongozi wa kila kundi, mwulizeni mambo matatu: mnacheza chini au juu ya mbao, mnahitaji maiki ya nini, na ngoma yenu inachukua muda gani hadi ikolee. Majibu yatawashangaza.

Tengenezeni sehemu mbili. Ya kwanza ni jukwaa la mbao, urefu wa sentimita 60 tu kutoka ardhini, ili mtoto aliyekaa mkekani aone miguu ya mchezaji. Plaiwudi ya milimita 18 ya futi 4 kwa 8, vipande 12 vilivyopangwa vitatu kwa vinne, inawapa jukwaa la mita 7.3 kwa 4.9. Chini yake weka maboriti kila baada ya sentimita 40. Ukiyaachanisha zaidi ya hapo mbao inayumba, na mchezaji anayeshuka kwa kishindo anateguka kifundo cha mguu. Pitisha kiganja juu ya mbao yote kutafuta kichwa cha msumari. Wachezaji wengi watakuwa pekupeku.

Sehemu ya pili ni duara la ardhi tupu lenye kipenyo cha mita 10, limezungushiwa kamba ya katani. Kwetu sisi hilo ndilo jukwaa lenyewe. Lile la mbao ni nyongeza. Okoteni mawe, vigae na miba asubuhi. Julai ni vumbi, kwa hiyo saa moja kabla ya onyesho nyunyizeni maji ndoo nne za lita 20. Hiyo ni karibu lita moja kwa kila mita ya mraba, inatosha kulaza vumbi. Mkimwaga ndoo kumi mtapata utelezi.

Bugobogobo iende kwenye duara. Ni ngoma ya kulimia, wachezaji wanarusha na kuzungusha majembe, na mtu mmoja anataka nafasi ya mita mbili kila upande. Watazamaji wakae mita tatu nyuma ya kamba, wala si kwenye kamba. Vijana wa Kimasai nao duarani, kwa sababu anayeruka adumu, ngoma yao ya kuruka juu, anatua kwa uzito wote, na kandambili za tairi zinateleza kwenye plaiwudi. Hawa hawahitaji maiki kila mmoja. Wekeni maiki moja kwenye stendi karibu na olaranyani, yule anayeongoza wimbo, na ile mikoromo ya wenzake ijiendee yenyewe hewani.

Ngoma za Burundi msizitie kwenye spika hata kidogo. Zinachongwa kutoka gogo zima la umuvugangoma, mti ambao Wachaga mnaujua vizuri shambani: ni mringaringa uleule unaotia kivuli kahawa. Ngozi ya ng'ombe imepigiliwa kwa mambo, yaani vigingi vidogo vya mti, kuzunguka gogo, wapigaji wanasimama nusu duara kuizunguka ngoma ya kati, inkiranya, inayotoa amri. Zikipigwa kumi pamoja bustani yote inasikia. Fundi akiweka maiki mbele yake anachopata ni lile debe mlilosikia mwaka jana: maiki imezidiwa, mlio unakatika kichwa na mkia.

Waimbaji wa Kigogo ni kinyume chake kabisa, na hapa ndipo mahali pa kutumia pesa za mitambo. Sauti zao zimeshikana kama ukili. Ukimpa mmoja maiki ya mkononi umeufumua wimbo. Wapandisheni jukwaani, wakae nusu duara, na mbele yao wekeni maiki mbili za kondensa, zile zinazonasa hata sauti ndogo, kimo cha mita 1.5, umbali wa mita moja hadi moja na nusu, kila moja imevishwa sponji ya kuzuia upepo. Zeze na ilimba, kile kisanduku chenye vijino vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, zipewe maiki yake, sentimita 15 kutoka chombo. Monita, zile spika zinazowaelekea waimbaji wenyewe, zishushwe hadi karibu na kimya, maana maiki za namna hiyo hupiga mluzi upesi. Halafu mwambieni fundi jambo moja mapema: kwenye kisanduku cha ilimba kuna kitundu kilichobandikwa utando mweupe wa buibui, na utando huo ndio unaotoa mvumo wa kuwasha masikio. Mafundi wageni hudhani spika imechanika, wanaanza kukata sauti za juu mpaka ilimba inakuwa bubu. Ule mvumo ndio ilimba. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, aliupeleka kwenye majukwaa ya dunia ukiwa hivyohivyo.

Kuhusu dakika kumi: hazitoshi. Wimbo wa Kigogo hupanda taratibu, dakika tano za kwanza ni kutafutana. Wapeni vikundi vyote dakika 20. Mkitumia jukwaa moja, mabadiliko ya dakika kumi kati ya vikundi yanakula dakika 50. Mkibadilishana jukwaa na duara, kundi moja linajipanga wakati jingine linacheza, na pengo linakuwa dakika tatu. Mkianza saa 9 alasiri, kila kitu kimekwisha saa 11 na robo, mna saa nzima ya kuwafundisha watoto kabla ya jua kuzama kwenye saa 12 na dakika 40. Julai Arusha jua likizama baridi inashuka mara moja, na familia zenye watoto wadogo zinaondoka.

Saa hiyo ya mafunzo ina jambo la kuangalia. Amri ya Rais wa Burundi ya 2017 inazuia wanawake kupiga zile ngoma, na baadhi ya vikundi vinaizingatia hata vikiwa nje ya nchi. Mwulizeni kiongozi wao kabla, si mbele ya binti wa miaka minane aliyeshanyoosha mkono. Kama kundi la Kigogo lina akina mama wa muheme, wasichana waende kwao: muheme hupigwa na wanawake, ngoma imebanwa mapajani. Dandia nayo inafaa sana kwa watoto. Fimbo zake ni za sentimita 45 hivi. Za watoto zifungeni kitambaa nchani, na mistari miwili inayotazamana iachwe hatua mbili kati yake ili vidole visigongwe.

Swali: Hamjambo wahariri. Kikundi chetu kina ngoma tano za ngozi ya mbuzi. Asubuhi za Juni na Julai zinalegea, zinalia "pwa pwa". Tunazipasha moto lakini mwaka huu mbili zimepasuka, zote pembeni karibu na mambo. Tufanyeje?
*Vijana wa ngoma, Majengo, Moshi*

Jibu: Ngozi hunywa unyevu wa hewa kama chumvi. Mawingu ya Kilimanjaro yakilala mjini usiku kucha, ngozi inavimba, inarefuka, mlio unashuka. Moto unayatoa yale maji na kuivuta ngozi tena. Kupasuka pembeni kuna sababu mbili: mmeisogeza karibu mno, au mmeiacha imeelekea upande mmoja. Pembeni ngozi imeshikwa na mambo, haina pa kukimbilia, na kila tundu la mambo tayari ni jeraha dogo. Ikikauka upande mmoja kabla ya mwingine, mpasuko unaanzia kwenye tundu.

Achaneni na mkaa uliokolea. Washeni nyasi kavu, karatasi au vijiti vyembamba ndani ya karai bovu, ili pia msiunguze nyasi za bustani ya watu. Shikeni ngoma umbali wa nusu mita, uso umeelekea moto kwa kuinama kidogo, na muizungushe robo duara kila baada ya nusu dakika. Kipimo ni kiganja chako: ukikilaza juu ya ngozi uhisi uvuguvugu kama wa shavu la mtoto mwenye homa. Ukilazimika kuutoa mkono, umeshachelewa. Kila baada ya mzunguko mmoja piga kwa vidole sehemu nne za pembeni. Zikilia sawasawa, acha. Palipo chini zaidi ndipo paelekee moto tena.

Dakika tano hadi kumi zinatosha kwa ngozi ya mbuzi. Ya ng'ombe ni nene, inataka muda mara mbili na umbali zaidi. Ikolezeni juu kidogo kuliko mnavyotaka, maana itashuka ikishapoa, na kazi hii iwe dakika 15 kabla ya kupanda, si saa moja. Ikiwa jua limechomoza msiiache juani mkaenda kunywa chai. Jua la saa sita Moshi linapasua ngoma bila msaada wa moto wowote. Ifunikeni kwa khanga, uso umetazama chini.

Zile mbili zilizopasuka msizitie gundi. Wambeni upya. Ngozi mpya ilowekwe usiku mmoja, ivutwe ikiwa mbichi kwa mambo yanayotazamana, huku na kule, kamwe si kwa kufuata duara, kisha ikaukie kivulini siku tatu au nne kabla ya kupigwa.

Swali: Kuna kundi la Kisukuma linakuja na chatu. Watoto watafurahi sana. Je, tukubali?
*Mwalimu wa shule ya msingi, Moshi*

Jibu: Mwalimu, kucheza na nyoka ni utamaduni wa kweli wa bayeye, chama cha Wasukuma cha wacheza nyoka, wala si kiini macho. Lakini chatu ni mnyamapori, na kumshika kunahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Omba ukione kibali chenyewe kabla ya kulipa chochote. Wakiwa nacho, nyoka abaki duarani, mita tano kutoka kwa watoto, na asivishwe mtu shingoni kwa ajili ya picha. Atakayemgusa anawe kwa sabuni palepale, kwa sababu reptilia hubeba vijidudu vya salmonela. Walio chini ya miaka mitano wasimguse kabisa.

Swali: Vijana wetu wa sarakasi wanapuliza moto kwa mafuta ya taa. Kwenye tamasha la mchana inafaa?
*Mratibu, Sakina, Arusha*

Jibu: Hapana. Mafuta ya taa yakiteleza kuingia kwenye mapafu, hata kidogo, husababisha nimonia ya kemikali, na hilo hutokea pale mpulizaji anapovuta pumzi mapema au anapocheka. Mchana mwali wenyewe hauonekani vizuri, upepo wa alasiri hugeuka ghafla, na mafuta ya taa hupatikana nyumbani kwa baadhi ya watoto wanaotazama. Waacheni wajenge piramidi: magodoro ya mazoezi yenye unene wa sentimita 5 angalau, yameshikana bila nyufa, na watu wawili wa kudaka pembeni ambao hawachezi.

Swali: Masikio ya watoto wadogo je? Mimi ni bibi, wajukuu wangu hulia karibu na spika.
*Bibi wa wajukuu watano, Moshi*

Jibu: Shikamoo bibi. Wajukuu wako wana haki ya kulia. Kwenye desibeli 85 mtu mzima anaweza kukaa saa nane. Kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hukatwa nusu, kwa hiyo kwenye 94 umebaki na saa moja. Watoto wapewe muda mfupi kuliko huo. Dawa ni umbali: mahali wazi, ukiongeza umbali kutoka kwenye spika mara mbili, sauti hushuka kama desibeli 6. Mwambie fundi anyanyue spika juu ya kimo cha mtu mzima na mikeka ya watoto ianze mita kumi kutoka hapo. Simu nyingi zina programu ya kupimia. Haiko sahihi kabisa, ila inatosha kumwonyesha fundi.

Swali: Jumamosi au Jumapili? Na vibali tuanzie wapi?
*Kamati ya mtaa, Moshi*

Jibu: Vibali vianzie kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu, atawaelekeza kuhusu BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na polisi. Mkipiga nyimbo zilizorekodiwa kati ya vikundi, ulizeni pia COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki. Nendeni mwezi mmoja kabla.

Jumamosi mtawakosa Wasabato, Jumapili asubuhi mtawakosa karibu Wakristo wote waliobaki. Jumapili kuanzia saa 8 mchana ndiyo inayojaza uwanja, ibada zikiwa zimetoka na watu wameshakula. Kama msikiti uko jirani, andikeni saa za adhana kwenye ratiba na mpange mabadiliko ya vikundi yaangukie hapo, fundi ashushe sauti yote.

Tahadhari moja kuhusu kuwatuza wachezaji. Mama akimpenda mchezaji ataingia uwanjani na noti, na watoto watamfuata wakimbie katikati ya majembe. Wekeni ungo mkubwa mbele ya kamba, MC atangaze tangu mwanzo kwamba tuzo zote zinawekwa humo, na kiongozi wa kundi akabidhiwe ungo wake hadharani kabla kundi linalofuata halijaanza.