Barua kwa mwanangu: Kwa nini tumelipia kilima ambacho hakijachimbwa

Mwanangu Somoe,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Nachingwea hatujambo. Mikorosho imeanza kutoa maua, na goti la mama yako limepata nafuu.

Swali lako la juzi sikulijibu vizuri kwa sababu mtandao ulikuwa unakatikakatika, na si swali la kujibiwa kwa dakika tatu. Uliniuliza: "Baba, pale kilima cha Ntaka wale wa kampuni ya kigeni hawajachimba hata toroli moja ya nikeli, iweje Serikali iwalipe dola milioni 90? Si tungekataa tu?" Hasira uliyokuwa nayo nami ninayo. Hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 230, na zahanati yetu unaijua ilivyo.

Labda unakumbuka magari ya utafiti yalivyokuwa yakipita hapa. Vijana walipata vibarua vya kubeba sampuli, yale mawe ya mviringo, marefu kama mchi, yanayotolewa na mashine ya kuchoronga. Yalipangwa kwenye masanduku na kuandikwa namba kwa rangi. Kazi tuliyoiona kwa macho iliishia hapo. Kampuni ikapewa leseni ya kuhodhi eneo, yaani mali imeonekana lakini wakati wa kuichimba haujafaa, basi washikiwe eneo lao. Mwaka 2017 Bunge likafuta aina hiyo ya leseni. Mwanzoni mwa 2018 kanuni zikazimaliza zilizokuwepo, na mwishoni mwa 2019 maeneo yakatangazwa kwa zabuni. Nia ile siilaumu hata leo. Mtu kukalia ardhi yenye madini miaka na miaka huku wenye kijiji wakisubiri, si haki. Lakini leseni zilifutwa bila fidia, na hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Mlango wenyewe ulijengwa zamani, ukiwa hujazaliwa. Mwaka 1994 Tanzania na Uingereza zilitiliana saini mkataba wa kulinda uwekezaji. Mkataba ule unasema mali ya mwekezaji isitwaliwe bila kulipwa, na akiona ametwaliwa, halazimiki kuja Mahakama Kuu yetu. Anaweza kwenda ICSID, kituo cha usuluhishi kilicho chini ya Benki ya Dunia, Washington. Wakubwa wa mradi wa Ntaka wako Australia, lakini kati yao na kilima chetu kulikuwa na kampuni zilizosajiliwa Uingereza, na hilo lilitosha. Mojawapo inaitwa Nachingwea UK Limited. Jina la wilaya yetu, mama, limeandikwa kwenye daftari la kampuni la Waingereza. Nilipolisoma nilikaa kimya muda mrefu.

Kule kesi husikilizwa na watu watatu. Kila upande huteua wake mmoja, na wa tatu anakuwa mwenyekiti. Rufaa hakuna. Kuna ombi la kubatilisha uamuzi tu, kwa sababu chache sana, na kusema "wamekosea sheria" si mojawapo. Julai 2023 wakaamua Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109, na riba inaendelea kuhesabika. Serikali ikaomba uamuzi ubatilishwe, kisha Julai 2024 pande mbili zikamalizana kwa milioni 90.

Unasema tungekataa. Mwaka 2022 ndege ya shirika letu, Airbus A220, ilizuiwa Uholanzi. Kampuni ya Kiswidi iliyokuwa na mradi wa sukari Bagamoyo ilikuwa imeshinda shauri la dola milioni 165, basi ikaitafuta mali yetu ilipo nje. Uamuzi wa namna hii hukazwa, yaani hutekelezwa kwa nguvu ya mahakama, katika nchi nyingi, kwa hiyo anayekataa kulipa ndege zake zitaogopa kutua.

Kujitoa kwenye mikataba nako kunachukua umri wa mtu. Wa Uholanzi tuliufuta, ukakoma Aprili 2019. Lakini umeandikwa kwamba uwekezaji uliokuwepo utaendelea kulindwa miaka 15 zaidi. Hesabu mwenyewe: 2034.

Sasa nikwambie kinachoniuma hasa. Unajua nilikaa masjala miaka 26, majalada yakipita mikononi mwangu. Ofisi moja niliyofanya kazi ilikuwa na mkandarasi wa kuchimba visima, na kazi yake ilikuwa mbovu kweli. Mkubwa akakasirika. Barua ya kusitisha mkataba ikatoka saa tatu asubuhi, nikaigonga muhuri mwenyewe. Dokezo la mwanasheria kwamba lazima apewe kwanza notisi ya siku 30 likaingia kwenye jalada saa nane mchana. Folio, yaani karatasi ya jalada, ya 41 na ya 42. Yule mkandarasi alitushtaki akashinda, na visima havikuwa na maji mpaka naondoka.

Folio zile mbili huzikumbuka kila nikifikiria City Water. Ulikuwa mdogo, tukiishi Temeke, na mama yako akiamka saa tisa usiku kupanga ndoo. Kampuni ile ilipewa maji ya Dar es Salaam mwaka 2003 kwa miaka kumi, na ndani ya miaka miwili ilikuwa imeshindwa. Mei 2005 Serikali ikatangaza hadharani kuuvunja mkataba, kisha mwanzoni mwa Juni ikatwaa ofisi na kuwafukuza nchini mameneja wa kigeni. Tulishangilia, nami nikiwemo. Washirika wake wa kigeni, Biwater Gauff, wakatupeleka ICSID, na mwaka 2008 ikaamuliwa kwamba Tanzania ilivunja mkataba wa 1994, ule ule, lakini haidaiwi hata senti, kwa sababu biashara ile ilikuwa haina thamani tena. Tulikuwa na hoja nzito kiasi hicho, ila tukaifuata kwa pupa.

Kenya walipata bahati nyingine kule mlima Mrima, Kwale, kwenye msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu, wa Wadigo. Kampuni iliyonyang'anywa leseni mwaka 2013 ilidai karibu dola bilioni mbili. Mwaka 2018 ikashindwa huko huko ICSID, kwa kuwa leseni ilitolewa bila tathmini ya mazingira, hivyo kisheria haikuwa leseni. Sheria ya Kenya yenyewe, ikisomwa neno kwa neno, iliuokoa mlima ule.

Kwa hiyo nisipoilaumu ile meza ya Washington peke yake, usidhani baba yako ameuza nchi. Meza ile imeegemea upande mmoja: mwekezaji anaweza kuishtaki Serikali, lakini mwanakijiji wa Ntaka hana kiti pale. Nalipinga hilo na nitalipinga. Lakini aliyetia saini 1994 ni sisi, na aliyefuta leseni bila kuufungua mkataba huo ni sisi.

Ukija likizo niletee nakala yake. Ichapishe kwa herufi kubwa, macho yangu hayasomi tena maandishi madogo, nami nataka kuupitia kifungu kwa kifungu nikiwa na wewe barazani.

Ni mimi baba yako.