Mwendo wa mchakamchaka: nilivyoanza kukimbia nikiwa na miaka 51

Mbio za Kilimanjaro Marathon zilipoanza hapa Moshi mwaka 2003, nilikuwa na watoto wawili wadogo. Tulikuwa tunasimama kando ya barabara kuwashangilia wakimbiaji, kisha tunarudi nyumbani kupika. Miaka ikapita hivyo, mimi nikiwa mtu wa kupiga makofi.

Nilipofikisha miaka 51 presha ilianza kupanda, na daktari akaniambia nitembee nusu saa kila siku. Nikawa natoka alfajiri, napita Barabara ya Lema kule Shanty Town, chini ya ile miti mikubwa. Asubuhi moja ya mwezi wa saba baridi ilinizidi, nikakimbia kutoka mti mmoja hadi mwingine ili nipate joto. Nikasimama, moyo unadunda, huku nikitabasamu peke yangu gizani. Kesho yake nikakimbia miti miwili.

Laiti ningeendelea hivyo hivyo. Badala yake nilijiunga na vijana wa mtaani, na wiki ya tatu nikawa napandisha nao barabara ya Kibosho. Pumzi ninayo, kwa hiyo nikaamini na mwili uko tayari. Kumbe pumzi huja upesi, lakini kano, ile mishipa migumu inayoshika misuli kwenye mfupa, huchukua miezi kuzoea, na umri unaposogea huchelewa zaidi. Kisigino kikavimba kwa nyuma. Nilikaa wiki sita bila kukimbia, na nililia.

Niliporudi nilikumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi. Tuliosoma miaka ya themanini tunaujua: tunakimbia kwa mstari, mmoja anaanzisha, wengine tunaitikia. Huwezi kuimba ukiwa unahema, kwa hiyo wimbo ndio uliokuwa unapima mwendo. Basi hicho ndicho kipimo changu hadi leo. Nikishindwa kuimba ubeti mmoja, napunguza. Nikishindwa tena, natembea. Hata wakimbiaji wakubwa hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo mwepesi, sembuse mama wa umri wangu.

Nilianza upya kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, mara nane, siku tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku napumzika. Siku za kupumzika nasimama kwenye ngazi ya mlangoni kwa vidole vya miguu, nashusha visigino polepole hadi vipite ukingo, kisha napanda tena. Zoezi hili naliheshimu kuliko yote, maana ndilo lililonirudishia kisigino. Ila kabla ya chochote, dada yangu, kapime presha na sukari, na ukisikia kifua kinabana simama uende hospitali.

Raba nilinunua mitumba, soko la Memorial. Igeuze uangalie soli: ikiwa imelika upande mmoja, iache hata kama inang'aa juu. Ikunje, ikikunjika katikati kama kitambaa, imeshachoka. Na ukiivaa, kidole gumba cha mkono kiingie mbele ya vidole vya mguu, maana miteremko yetu husukuma mguu mbele, na kucha hugeuka nyeusi.

Watu watasema. Wiki za kwanza bodaboda walikuwa wanasimama: "Mama, kuna nini? Panda nikuwahishe!" Niliona aibu sana, nikawa nafunga khanga juu ya suruali. Siku hizi wananiamkia tu, na khanga naiacha nyumbani.

Mwaka huu niliingia kilomita 21. Kile kipande cha kupanda kuelekea Mweka hakina huruma. Nilikuwa na mama mmoja wa Pasua tuliyekutana njiani, tumelingana umri. Tulikubaliana tuimbe, tukishindwa tutembee. Tulitembea sana. Karibu na juu, pale migomba inapokaribia barabara, pumzi ilirudi na mwenzangu akaanzisha ule wa shuleni kwa sauti ndogo. Nikaitikia. Na wale watoto waliokuwa wamesimama kandokando wakaitikia pia.