Riwaya ya mwaka 1350: hamia Kaole

Dada, umeuliza kama shujaa wako wa mwaka 1350 anaweza kuishi Bagamoyo na kula ugali wa mahindi. Bagamoyo ilivuma karne ya 19; mhamishie Kaole, kilomita chache kusini, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13. Mahindi, muhogo, nyanya na pilipili kali futa vyote: asili yake Amerika, na Columbus alivuka bahari kufika huko 1492. Mpikie mtama, au wali wa nazi kwa samaki. Wareno pia waondoe, Vasco da Gama alikuja 1498. Ila chombo cha baharini usikipite haraka: mtepe, chombo cha tanga cha kale cha Waswahili, ulishonwa mbao kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja. Mimi ningemfanya babake fundi wa mitepe.