Maktaba ndogo ya JavaScript kwa simu za zamani: mambo ya kujua mapema

Unayeanza kutengeneza kurasa Kigoma au Tabora, na kuziandikia maktaba yako, yaani faili moja la fanksheni zinazotumika kila ukurasa, usizipimie kwenye kompyuta yako peke yake. Mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi anaweza kuangalia bei kwa simu ya Android 4.4, kwa kivinjari kilichokuja nayo.

Kwanza tenganisha sarufi isiyoeleweka na fanksheni isiyokuwepo. Fanksheni isiyokuwepo unaweza kuiongeza mwenyewe. Sarufi ngeni haizibiki hivyo, kwa sababu kivinjari husoma faili lote kabla ya kutekeleza mstari wa kwanza. Kikikuta alama => (ufupisho wa kuandika function) kisiyoijua, kinalikataa faili zima, hata ule ukaguzi wa if ulioweka juu kabisa. Chrome ilianza kuielewa alama hiyo kwenye toleo la 45, mwaka 2015. Internet Explorer 11 haikuielewa kamwe. Kwa hiyo andika kwa ES5, toleo la zamani la JavaScript: var, function, na maneno yaunganishwe kwa +. Kabla ya kupandisha faili, endesha programu ya acorn, inayokagua sarufi ya JavaScript: acorn --ecma5 --silent maktaba.js, itakutajia mstari wenye kasoro.

Kwa fanksheni, pima uwezo, si jina la kivinjari, maana majina hayo hudanganya. Mtego unaowanasa wengi ni huu: querySelectorAll, inayochagua vipengele vya ukurasa, ipo kwenye simu hizo, lakini orodha inayorudisha si Array, na forEach yake ilifika Chrome 51. Tumia for ya kawaida. Fanksheni zako zote ziweke chini ya jina moja, tuseme Zana. Ukizibandika ovyo kwenye Array.prototype, kiolezo cha orodha zote, kila for...in inayopita kwenye orodha itaziokota kana kwamba ni data.

Internet Explorer 8 iacheni, isipokuwa mna ofisi inayoitumia kweli. Ili kusikiliza matukio kama mbofyo, inadai attachEvent badala ya addEventListener, na ndani yake this huwa ni window. Ni mzigo mkubwa kwa faida ndogo.

jQuery 3, maktaba maarufu iliyo tayari, iliyofinyazwa kwa gzip ni takriban kilobaiti 30. Kama unachagua vipengele na kubadili darasa tu, kilobaiti 2 au 3 zako zinatosha. Liweke faili kwenye seva ileile ya ukurasa, kwani seva ya pili inamdai msomaji muunganisho mwingine kwenye mtandao unaosuasua. Tia toleo kwenye jina la faili, kisha ruhusu kivinjari kulihifadhi mwaka mzima: Cache-Control: max-age=31536000 (sekunde za mwaka).

Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana data kabisa, JavaScript hutekelezwa kwenye seva zao, si kwenye simu. Fomu ya kuagiza lazima itumike bila JavaScript.

Ukurasa ukikataa kufunguka kabisa kwenye Android iliyo chini ya 7.1.1, angalia cheti cha HTTPS kabla ya kulaumu msimbo. Simu hizo haziutambui mzizi mpya (cheti cha juu kinachothibitisha vingine) wa Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, na daraja lililokuwa likizisaidia, yaani sahihi ya mzizi wa zamani, lilikwisha Septemba 2024. Firefox hubeba orodha yake ya mizizi, hivyo ijaribu hapohapo kwenye simu ileile: ukurasa ukifunguka humo, tatizo ni cheti.