Re: Nimeletewa mwani mkavu kutoka Zanzibar, unaliwaje?

Dada wa Moshi, usiutupe. Umesema uliuchemsha kama mchicha, ukabaki na uji mzito unaonuka pwani. Huo uji ndio wenyewe! Mwani wa jamii ya mwekundu, kama huo wako, una karajinani, kitu kinachofanya aiskrimu na dawa ya meno ziwe nzito, na maji ya moto ndiyo yanayoitoa. Kosa lako ni kuruka kuloweka.

Mimi hapa Arusha nafanya hivi: nausuuza mpaka mchanga uishe (chini ya beseni utauona, pamoja na vipande vya kamba ya shamba la mwani baharini), kisha nauloweka usiku kucha na limau, nikibadilisha maji mara tatu. Asubuhi unakuwa umevimba, laini, unateleza kama bamia, harufu imekwisha. Ukitaka kachumbari, utie kwenye maji ya moto kwa sekunde chache tu, uchuje, uchanganye na kitunguu, nyanya na pilipili. Ukizubaa unayeyuka.

Ukitaka wa kugandisha, chemsha nusu saa, saga kwenye blenda, weka kwenye friji. Kijiko kimoja kwenye juisi ya parachichi kinatosha. Kwenye mtori usijisumbue, ndizi zenyewe zinatosha.

Kama ni ule mnene, aina ya kotonii, utaganda mgumu. Aina nyingine, spinosamu, huganda laini.

Ila una madini joto, kwa hiyo mwenye tatizo la tezi ya shingo amuulize daktari kwanza. Na yale ya kwamba unatibu kila ugonjwa, waachie wauzaji.