Kabla hujachinja mbuzi wa drafti

Wiki iliyopita mama mmoja wa Shepparton alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Mwanawe ana miaka 13 na ameitwa kwenye akademi ya klabu ya AFL, ligi kuu ya mpira wa Australia, zile za watoto wa wahamiaji na wa wenyeji wa asili wa Australia. Mama huyo anaongea huku anacheka. Anauliza, "Baba, tutie saini?" Nimeusikiliza mara tatu, na kila nikifika pale anaposema "wamempa na begi", nauzima.

Sisi pia tulipewa begi.

Kijana wangu alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, mwaka 2004, tukafika Australia 2009. Mimi nimekulia Uvira, mpira ninaoujua ni wa mviringo na unapigwa kwa mguu. Siku ya kwanza kuona AFL nilidhani watu wamekosana: wanaume 36 uwanjani, milingoti minne kila upande, mwamuzi anaudundisha chini mpira wenye umbo la yai uruke juu ndipo mchezo uanze. Nilikuwa na miaka 33. Mtoto alipofika miaka kumi alishakuwa ananifundisha mimi. Ukutani alibandika picha ya mchezaji wa AFL, Aliir Aliir, kwa sababu moja tu, naye alizaliwa Kakuma. "Wa kambini kwetu, baba," anasema, utadhani kambi ni kijiji na ina chifu.

Akademi hizi zilianza 2016, kila klabu na eneo lake. Wakamchukua 2017. Kocha alikuja nyumbani, akanawa, akala ugali na sombe kwa mkono, akaniambia, "Huyu ni wetu." Kanisani nililirudia neno hilo mpaka mchungaji akaniomba nipunguze.

Hilo "wetu" ndilo nataka tulizungumze, dada yangu, maana miaka mitano nililibeba bila kujua uzito wake.

Huku mtoto hachagui klabu. Kila Novemba vilabu 18 hupanga foleni, aliyeshika mkia anatangulia, na kila kimoja kinataja jina kwa zamu. Hiyo ndiyo drafti. Ila kama kijana kalelewa na akademi yako na klabu nyingine ikamtaja, sheria inaweza kukuruhusu kufikia dau, yaani kulipia zamu hiyo na kumchukua wewe. Unatoa zamu zako za chini, pointi zake zikijumlishwa zitoshe kulipia zamu ile ya juu. Zamu ya kwanza kabisa ina pointi 3,000. Ni mnada, ila aliyefuga ana haki ya kumrudisha ng'ombe wake zizini akilipa.

Mwaka 2020 Jamarra Ugle-Hagan, kijana wa wenyeji wa asili, alitajwa na Adelaide kuwa namba moja. Western Bulldogs waliomlea wakafikia dau wakabaki naye. Vilabu vingine vikanung'unika, na sheria ikageuzwa. Kuanzia 2021 akademi zetu zikakatazwa kufikia dau ndani ya majina 20 ya kwanza, na 2022 wakasogeza mpaka 40.

Drafti ya 2021 niliiangalia na daftari mkononi. Namba 2, Sam Darcy, kaenda Western Bulldogs, klabu ya baba yake. Namba 4, Nick Daicos, kaenda Collingwood, klabu ya baba yake. Namba 5, Mac Andrew, mtoto wa wazazi wa Sudan Kusini aliyezaliwa Misri na kulelewa na akademi ya Melbourne, akatajwa na Gold Coast. Melbourne kimya. Wangefanya nini? Sheria ilishawafunga mdomo. Wale wawili hakuna aliyewazuia, kwa kuwa ipo sheria ya baba na mwana: baba akiichezea klabu mechi 100, mlango wa klabu hiyo uko wazi kwa mwanawe.

Mechi 100! Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, mtu wa kwanza wa kutoka Sudan kucheza AFL, alianza 2013 na akafunga goli kwa teke lake la kwanza. Alimaliza na mechi 54 North Melbourne. Hata wanawe yeye hawaingii kwa mlango huo. Mimi mechi zangu zote nimezichezea juu ya forklifti, Truganina.

Nakubali, klabu iliyoshika mkia ina haki yake. Imesubiri mwaka mzima ipate kijana bora, halafu tajiri anakuja na risiti ya akademi. Hilo nalielewa. Nisichokielewa ni kwa nini dawa yake ilianza kunyweshwa wale watoto ambao baba zao hawakuzaliwa na mpira huu. Akademi za vilabu vya kaskazini, kama Gold Coast, hazikuguswa na kizuizi kile. 2023 Gold Coast walibaki na vijana wanne wa akademi yao ndani ya raundi ya kwanza.

Turudi nyumbani. Korona ilifuta msimu mzima wa 2020 wa vijana wa Victoria, hiyo si kosa la mtu. Lakini baada ya sheria kubadilika, mazoezi ya kila wiki yakawa ya kungoja upigiwe simu. Yule kocha wa sombe akaondoka, tukatumiwa barua pepe yenye maneno mazuri. Siwezi kuapa kwamba sababu ni sheria. Nasema nilichokiona: ng'ombe usiye na uhakika wa kumrudisha zizini humlishi majani mabichi.

Novemba 2022 mwanangu alikuwa na miaka 18. Usiku wa pili wa drafti nilichinja mbuzi. Walikuja wajomba kutoka Werribee, kwaya ya vijana, jirani Mhindi na mkewe. Kijana alikuwa ameniambia mapema, "Baba, usiite watu." Alijua mbio zake za majaribio za kilomita mbili hazikuwa nzuri, alijua paja lilimsumbua tangu Julai. Mimi nilidhani anaona haya tu. Nikamnunulia shati jeupe.

Majina yakapita. Kila likitajwa mtu anageuka kunitazama, nami natabasamu, najifanya nahesabu. Mafuta ya mbuzi yakaganda kwenye sahani. Shangazi akasinzia. Likapita la mwisho, akaja mtu wa kutangaza bima. Kijana akainuka, akasema anapeleka pipa la taka nje. Haikuwa siku ya taka. Alikaa huko dakika arobaini, na sikumfuata, kwa sababu nilikuwa nawaeleza wageni kwamba bado upo mlango wa nyuma, kwamba kijana wa akademi asiyetajwa anaweza kuandikishwa na klabu yake kama mwanagenzi. Upo kweli. Simu haikulia.

Nikikumbuka usiku ule, kilichoniuma zaidi si klabu. Ni kwamba nilibaki na wageni.

Haya, ushauri. Kwanza, muulize mtu wa akademi sheria ipi itatumika mwaka mwanao atakapofikisha miaka 18, na akikujibu kwa uhakika, mtilie shaka. 2024 walifungua tena mlango, akademi zikaruhusiwa kufikia dau popote. 2025 punguzo la pointi za kulipia dau likashuka kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwanao ana miaka 13, hesabu mwenyewe watabadilisha mara ngapi. Pili, shule. Mtoto asiache shule, wala ufundi. Wa kwangu leo ni fundi seremala, Jumamosi anachezea klabu ya mtaa, na lile begi anabebea misumari. Tatu, ni ileile ya pili: shule. Wazazi wenzangu, tunasafiri nusu dunia tukikimbia risasi, kisha tunaweka matumaini yote ya ukoo juu ya goti la mtoto mmoja! Mungu hakumpa kipaji ili kilipe deni letu. Akikwambia usiite watu, usiite.

Atie saini? Atie. Watamfundisha kuogelea, kula vizuri, kuongea na watu wazima akiwatazama usoni. Mwanangu aliyapata hayo na hakuna drafti itakayomnyang'anya. Ila zile karatasi zisome zote. Kama Kiingereza chake ni kigumu, zipige picha unitumie, na unipigie baada ya saa kumi na moja jioni, mchana huwa niko kazini. Kijana naye amesema yuko tayari kuongea na mwanao, lakini wao wawili tu, mimi nisiwepo kwenye simu.